Taa za Uchochoro wa Nyuma

Labanya huuza bhajia za dengu karibu na kituo cha mabasi hapa Nimapara, mji wetu mdogo. Tumepakana ukuta tangu nilipoolewa mtaa huu. Ana sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, na hawezi kumwona mtu akipita na njaa akanyamaza. Ndiyo maana hata kosa lake lilipitia kwenye chakula.

Kimbunga kilitupiga mchana mmoja wa mwezi wa Mei. Kilipokwisha, minazi ilikuwa imelala barabarani na nguzo za umeme zimekunjika. Kisha likaja joto. Feni zilining'inia kimya juu ya vichwa vyetu, na matenki yakakauka, kwa kuwa sote tulikuwa na pampu za umeme. Mabomba ya mkono ya zamani tulikwisha kuyang'oa na kuyauza kama chuma chakavu.

Aliyebaki na bomba lake ni Mausi Kuntala, mjane wa uchochoro wa nyuma. Mausi ni mama mdogo, na ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Zamani tulikuwa tukimcheka kwamba ubahili ndio uliomfanya asiling'oe. Sasa tulipanga foleni ya ndoo uani kwake asubuhi na jioni, wala hakumkatalia mtu. Magoti yalikuwa yanamsumbua, hivyo aliketi kizingitini akitutania.

"Labanya, pampu yako ya kifahari iko wapi leo? Imekwenda harusini?"

"Usinicheke, Mausi, mikono inaniuma."

"Piga bomba, mwanangu. Mkono huo umezoea kubonyeza swichi tu."

Kila aliyechota maji alimfanyia Mausi jambo dogo. Huyu alimletea mboga, yule alimfagilia ua. Kazi ya Labanya ilikuwa kuipeleka simu ya Mausi ikachajiwe kwenye jenereta ya duka la dawa, maana binti wa Mausi, Rinki, alikuwa mji wa mbali wa Surat kwa mumewe, mja mzito, na mwezi wake ulikuwa umefika.

Nyumbani kwake Labanya alisaga dengu kwa jiwe hadi viwiko vikavimba. Biashara ikapungua, kisha ikasimama kabisa. "Dada," aliniambia, "ile mashine ya kusagia nilikuwa naitukana kila asubuhi kwa kelele zake. Ikinguruma tena nitaivika shada la maua."

Mafundi wa umeme wakaletwa kutoka jimbo la jirani la Andhra. Kila mtaa ukawa unawapikia, kwa sababu ilijulikana wazi kwamba fundi huanzia pale anapokula. Siku moja Labanya alikuwa anatoka kwa Mausi na ndoo yake, akawakuta wameshusha nguzo mpya mdomoni mwa uchochoro wa nyuma. Alikwenda nyumbani mbio. Akapika samaki kwa haradali, akapika na wali kwa maji yale yale aliyotoka kuyachota, kisha akasimama barabarani.

"Kaka, mmekula?"

Kiongozi wao, mtu mfupi aitwaye Appalaraju, alijifuta jasho. "Tutakula tukimaliza huku, dada."

"Mkimaliza huko samaki atakuwa amepoa. Kwetu ni nguzo mbili tu. Njooni, wa huko hawaendi popote."

Wenzake walikuwa wameshanusa. Mmoja akasema neno kwa Kitelugu, lugha ya kwao, wote wakacheka, wakaja.

Jioni ile njia yetu ikawaka. Watu walipiga makofi, mimi nikasimama chini ya feni nimefumba macho kama mtu aliye hekaluni. Labanya aliwasha mashine yake tupu, bila dengu ndani, aisikie tu ikinguruma. Lakini kesho yake mafundi waliamriwa kwenda mji mwingine. Nguzo ya uchochoro wa nyuma ikabaki imelala chini pale pale walipoishusha.

Labanya akaacha kwenda kwa Mausi. Maji alikuwa nayo. Angefika kule bila ndoo, aseme amefuata nini? Alipokwenda sokoni alizunguka mbali ili asipite mdomoni mwa uchochoro. Alifungua bomba lake la jikoni akafunga upesi, kana kwamba kuna mtu anamtazama. Na kwa kuwa sisi wengine nasi tulikuwa na maji, hakuna aliyekwenda.

Asubuhi moja Rinki akanipigia mimi, baada ya kuomba namba yangu kwa watu. Alikuwa analia. Alikwisha kujifungua mtoto wa kike, siku zinapita, na simu ya mama yake haipatikani. Je, mama yu hai?

Labanya alikuwa jikoni kwangu. Alininyang'anya simu, akavuka ukuta wa nyuma badala ya kuzunguka. Nikamfuata. Mausi alikuwa palepale kizingitini, amekonda. Aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Ana nywele? Pua je? Ya baba yake? Haya, tutamwombea."

Mausi alipomaliza kucheka na kulia, Labanya alisema, "Mausi, mafundi walikuwa wanaanza huku. Mimi ndiye niliyewavuta."

"Kwani mimi sina pua? Haradali yako ilinifikia mpaka kitandani. Nikasema, haya, ana mashine yake, ana watoto. Hilo nililimeza." Akamtazama. "Ila hukurudi. Nilikuwa naisikia mashine yako, nawe hukurudi."

Labanya alishika mpini wa bomba akaanza kupiga, bila ndoo chini, maji yakimwagika miguuni pake.

"Acha kumwaga maji," Mausi alisema. "Chukua hiyo simu yangu ukaichaji."

Tangu siku hiyo Labanya alikwenda kila asubuhi na ndoo, ingawa tenki lake lilikuwa limejaa. Mafundi wengine walipokuja hatimaye, aliwapikia uani kwa Mausi. Kumbe hawa hawali samaki.

"Umeishiwa silaha!" Mausi alicheka hadi akakohoa. Labanya akawapikia dengu na maboga.

Umeme ulipofika, Mausi alimwambia, "Bonyeza wewe."

"Hapana, Mausi, ni nyumba yako."

"Nimesema bonyeza."

Akabonyeza. Feni ilizunguka polepole, ikamwaga vumbi, ikashika kasi. Mausi aliinua uso juu, nywele zake nyeupe zikipepea. Labanya alikuwa anatazama sakafu.

Miaka imepita. Umeme ukikatika na kurudi, watu hukimbilia swichi ya pampu kabla haujaondoka tena. Labanya hutoka kwanza, huenda hadi ukuta wa nyuma akachungulia. Akiona uchochoro umewaka, hurudi ndani kuwasha mashine. Akikuta giza, huketi hapo hapo ukutani akisubiri, dengu zikiwa zimelowekwa na wateja wakimngoja kituoni.