Pingamizi la Saa Sita na Dakika Sita

Ofisi ya mkurugenzi wa uendeshaji ilikuwa kati ya kabati la nguo na dirisha la chumba cha kulala, na mlinzi wake alikuwa mama mkwe. Bibi huyo alikuwa na miezi mitatu tangu ahamie kwa mwanawe, na bado hakuamini kwamba mkamwana wake ana kazi. "Mtu mzima na akili zake timamu, anashinda ndani akicheka na kioo cha kompyuta," aliwaambia majirani. Lakini mlango ukifungwa, hata nzi hapiti.

Na kazi ilikuwepo, tena ya kukata na shoka. Kampuni ilitengeneza programu ya kuwapangia wagonjwa miadi kwenye zahanati. Mwaka juzi walikuwa watu tisa. Sasa walikuwa mia moja na arobaini, kila mtu akifanya kazi kwake, na wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso. Kuwakutanisha wote kila siku hakukuwezekana, kwa hiyo mkurugenzi mwenyewe alitunga sheria: mwenye wazo aliandike mbele ya wote, na kama hadi saa sita mchana wa kesho yake hakuna aliyepinga, limepita. Uwe bosi, uwe umeajiriwa jana, sheria ni hiyo hiyo. Kwa sheria hiyo kampuni ilikwenda mbio, naye aliipenda kama mtoto wa kumzaa.

Jumanne, mhandisi mmoja wa kike, waliyembandika jina la Umeme kwa haraka zake, aliandika kwamba zahanati mpya mia tatu zifunguliwe zote kwenye programu kwa mpigo Alhamisi asubuhi, badala ya kumi kumi kila siku. Mkurugenzi aliposoma, aliona maafa. Mfumo ukielemewa, wagonjwa wangekwama milangoni na mteja wao mkubwa kuliko wote angewakimbia. Akaandika kurasa mbili za kupinga. Jumatano, kabla hajazituma, akaingia kwanza kuwakaribisha waajiriwa wapya, kama alivyofanya kila wiki, na mmoja wao alikuwa na hadithi zisizokwisha. Walipoagana ilikuwa saa sita na dakika sita.

Kidole kilikuwa tayari kimegusa kitufe cha kutuma. Nani angemuuliza? Lakini akijiruhusu yeye leo, kuanzia kesho kila mtu angengoja kwanza bosi aseme nini. Akauma meno, akakiondoa kidole na kumpigia Umeme.

"Mdogo wangu, pendekezo lako limepita. Unahitaji nini?"

"Watu sita wa kupokea simu, dada."

"Chukua kumi."

Alhamisi saa mbili, namba za zahanati zilizofunguka zilianza kupanda kwenye kioo. Arobaini. Mia. Mia mbili na kumi na moja, zikaganda hapo. "Nipeni dakika moja," sauti ya Umeme ilisema kutoka kwenye kompyuta, tulivu kabisa. Mia mbili na kumi na mbili. Mia mbili na sitini. Mia tatu! Mkurugenzi alipanda kitandani na viatu vyake, akarukaruka kwa furaha ambayo hakuwahi kuipata katika ofisi yoyote ya ghorofani.

"Kuna nini humo?" mama mkwe akauliza mlangoni.

"Tumeshinda, mama."

"Mmemshinda nani?"

Mkurugenzi akashuka kitandani. Nani, kama si yeye mwenyewe? Akampigia Umeme, na kwa kuwa hakupenda sifa za uongo, akasema ukweli wote.

"Nilikuwa nimeandika kurasa mbili za kukuzuia. Nilichelewa dakika sita tu."

Mkurugenzi akaanza kujuta.

"Dada," Umeme akasema, "naomba unitumie hizo kurasa."

"Za nini tena?"

"Jumatatu napendekeza zahanati mia nane. Nataka nijue mapema utapinga wapi."

Mkurugenzi alicheka mpaka machozi. Kisha akazituma, na safari hii hakuchelewa.