Mpishi wa Pilau na Unga wa Vanila

Katika mtaa mmoja wa mji wa Margilan, kijana hakuhesabiwa kuwa ameoa sawasawa kama pilau ya asubuhi ya harusi yake haikupikwa na Ergash. Alikuwa mtu wa hamsini na kitu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili ya mfereji, mikono iliyobabuka kwa moto wa kuni, na kitambi kilichotangulia kuingia mlangoni yeye akafuata. Hakuna aliyekisema vibaya. Nani angemwamini mpishi mwembamba? Mwenyewe alikipigapiga kama ngoma akasema, "Humu wamelala kondoo wa nusu ya bonde la Farghona. Msiwaamshe!"

Mambo yalibadilika siku walipokuja wakwe. Binti yake wa pekee, Muattar, alikuwa amechumbiwa, na baba wa bwana harusi, mwalimu mmoja mkondefu aitwaye Abdurashid, alikuja na ndugu zake kupanga harusi ya vuli ya mwaka ujao. Walikaa chini kuzunguka kitambaa cha chakula, wakala, wakanywa chai ya kijani, wakaomba dua, wakainuka. Ergash hakuinuka. Alijaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu wa kushoto. Magoti yalikataa katakata.

"Nipe mkono, mkwe," alisema Abdurashid kwa upole.

Ergash akampa. Kilichofuata ni kwamba mwalimu ndiye aliyeshuka, akaketi juu ya sahani ya zabibu kavu. Chumba kizima kiliangua kicheko, na Ergash alicheka kuliko wote, mpaka alipomwona Muattar amesimama mlangoni na sinia la mikate, hacheki.

Wageni walipoondoka alimfuata jikoni. "Nimekutia aibu mbele ya wakwe zako, mwanangu."

"Aibu ya nini, baba? Wamefurahi mpaka basi." Muattar aliendelea kusuuza vikombe, hamtazami. "Niliogopa tu. Ulivyokuwa unahema."

Kesho yake Ergash alikwenda kwenye jimu ya Dilmurod, mwanamieleka wa zamani mwenye masikio yaliyovimba kama maandazi. Zamani palikuwa karakana ya matairi, na harufu ya mpira ilikuwa haijahama.

"Mzee, umepotea njia?" Dilmurod aliuliza. "Kwenye sambusa ni mtaa wa pili."

"Sijapotea. Nataka hiki kiondoke." Ergash akaonyesha.

Dilmurod alikizunguka kama mtu anayenunua gari bovu. "Kitaondoka. Lakini si kwa hasira." Akamfundisha kuchuchumaa kwa kushika nguzo, akamtembeza, akamnyanyulisha vyuma vidogo vilivyomtia haya. Mwishowe akampa kopo la unga wa protini wenye ladha ya vanila na chupa ya kutikisia. "Unapunguza mafuta, lakini nyama ya mwili tunataka ibaki. Kikombe kimoja ukimaliza mazoezi." Alisema na mengine, lakini Ergash alikuwa ameshaanza kutikisa chupa.

Sasa, Ergash hakuwahi kufanya jambo nusunusu. Kama kikombe kimoja kinapunguza mwili, aliwaza, basi vitatu vitauyeyusha. Akaacha mkate, akaacha supu, akaacha kila kitu cha kutafunwa. Mkewe Saodat alitandika kitambaa kama siku zote, naye akaja kuketi kwenye kigoda na chupa yake.

"Baba Muattar, supu inapoa."

"Mimi nimekula."

"Umekula wapi?"

Akainua chupa. Saodat akaifungua, akanusa, akairudisha. "Hiki ni chakula au chokaa ya ukuta?"

"Ni sayansi, mama."

"Haya. Sayansi ikikuoshea nguo uniambie."

Kweli mwili ulipungua upesi, suruali zikaanza kuteleza. Lakini furaha nayo ilipungua. Tumbo liligoma, siku zikapita bila kwenda chooni kwa amani. Aliwafokea wakata karoti kwa karoti zilizokatwa vizuri kabisa. Usiku aliota sambusa za tanuri zinamwita kwa jina. Na kwa kuogopa kujaribiwa akaacha kuonja. Alipika kwa pua na mazoea, karai likawa kama mke wa jirani, haliangaliwi sana.

Siku iliyomshinda ilikuwa harusi ya kwa Hoshim, mfumaji wa hariri. Alfajiri ilikuwa ya baridi. Mchele ulikuwa umekwishafunikwa, nyama imelainika, vitunguu saumu vimezama vizimavizima, na mvuke wa jira ulikuwa ukitoka pembeni mwa mfuniko. Wasaidizi walikwenda kunawa. Ergash alifunua kidogo, atazame tu. Halafu achote punje mbili. Halafu akachukua sahani.

Hoshim alimkuta nyuma ya rundo la kuni, amekaa juu ya gogo, sahani mapajani, kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo mkononi, na chupa ya vanila imelala miguuni.

"Fundi," alisema Hoshim, "wageni wamefika."

"Naonja," alijibu Ergash, mdomo umejaa.

"Naona. Hiyo unayoonja ni sahani ya ngapi?"

Kabla ya adhuhuri, mji ulikuwa na habari. Kwenye nyumba za chai, mtu akijazia kikombe mara ya pili, wenzake wanamwambia, "Ergash, unaonja?" Yeye angevumilia utani. Kilichomuuma ni kwamba ile pilau ilipungua chumvi. Wageni waliomba chumvi mezani, jambo ambalo hakuwahi kulisikia tangu aanze kushika mwiko. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akalala akiwa ameelekea ukutani.

Kesho yake Saodat aliamka mapema. Alijifunga kitambaa kichwani, akachukua kopo, akaenda moja kwa moja kwenye jimu. Wanaume waliokuwa vifua wazi walikimbilia mashati kama kuku waliomwona mwewe. Akalitua kopo juu ya benchi, puu!

"Wewe ndiye Dilmurod?"

"Ndiye, mama. Salaam alaykum."

"Alaykum salaam. Mume wangu umemfanya mtoto wa kunyonya?"

"Mimi?"

"Asubuhi chupa, mchana chupa, jioni chupa. Jana kala pilau ya watu kwa kujificha kama mwizi!"

Dilmurod alishika kichwa. "Mama, nilimwambia kikombe kimoja! Kimoja, baada ya mazoezi. Chakula ale, tena ashibe, ila mafuta na mikate apunguze. Huu unga ni wa kujazia pale palipopungua tu. Ukiufanya chakula, tumbo litapata wapi mboga, litapata wapi cha kusaga?"

Hasira ya Saodat ilishuka, kwa sababu ndivyo hasa alivyokuwa akifikiri njiani. "Huyo husikia neno la kwanza tu," alisema, akaketi. "Haya, niambie mimi yaliyobaki."

Wakakaa pale, yeye na mwanamieleka, wakipanga. Dilmurod alitaka kujua kinachopikwa nyumbani, naye akamtajia. Alipofika kwenye mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa, Dilmurod akarukia, "Huo! Huo ni protini tupu, mama, mnao ndani na hamuusemi?" Choroko na wali kidogo zikapita, mayai yakapita, nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta ikapita, na kachumbari ya nyanya na vitunguu akaambiwa aijaze sahani bila huruma. Ugomvi ulikuwa juu ya kuonja.

"Akionja anakula sahani nzima," alisema Saodat.

"Na asipoonja?"

"Asipoonja si mpishi."

Ndipo Dilmurod akapata wazo: siku za kazi Ergash anywe kikombe chake alfajiri, kabla ya kusogelea karai, ili aonje akiwa ameshiba. Siku nyingine anywe akitoka mazoezini, basi.

Ergash alipoambiwa alinung'unika kwamba sasa amepata mabosi wawili. Lakini jioni ile Saodat alimwekea choroko na mtindi na kachumbari, akala polepole, akitafuna kama mtu aliyerudi kutoka safari, na machozi yalimlenga. Alisingizia vitunguu.

Mwili sasa ulipungua polepole, tena si kila wiki. Ilipofika Nauruzi, sikukuu ya mwaka mpya, wanawake wa mtaa walipika uji mtamu wa ngano iliyochipuka, akapewa bakuli kila nyumba, naye hakujua kukataa bakuli la Nauruzi. Mizani ya Dilmurod ikasema kila kitu. "Sikukuu imepita, twende kazini," mwanamieleka alisema tu. Kufikia kiangazi Ergash alikuwa anachuchumaa bila nguzo na kuinuka chini bila mkwe. Kitambi kilikuwepo bado, lakini sasa waliingia mlangoni pamoja.

Vuli ikaleta harusi ya Muattar. Baba wa bibi harusi hapiki, ana wageni wa kupokea, kwa hiyo karai lilishikwa na Qosim, mshindani wake wa miaka mingi. Ergash aliamka alfajiri kwa mazoea, akasimama uani hana la kufanya na mikono yake. Alipopita mara ya tatu karibu na moto, Qosim akamtolea macho.

"Nenda ukakae, mgeni! Leo utaletewa."

Akaletewa. Alikaa chini kati ya Abdurashid na Hoshim, akala sahani moja ya pilau ya mtu mwingine, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, bila kusikiliza kuni wala kuhesabu wageni. Ilikuwa tamu. Hoshim alimchungulia.

"Vipi, Fundi? Unaonja?"

"Leo nakula," alisema Ergash, akasogeza sahani kwa Saodat aliyekuwa akipita na sinia la pilau na mwiko. "Mama Muattar, niongezee nusu. Na kachumbari."

Saodat akamwongezea nusu, akaitazama, akarudisha kijiko kimoja kwenye sinia. Uani zumari zilikuwa zimeanza kulia, na Muattar alikuwa akimwita baba yake aje kucheza.