Kazi ya Kukusanya Majani

Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua mahindi, malori yao yaliwafuata wakulima hukohuko mashambani, na chama chetu cha ushirika kikabaki na maghala ya kufagia. Mimi mpiga chapa nilikuwa wa kwanza kupunguzwa. Sikushangaa. Barua za kuchapa zilikuwa zimekwisha, nikawa nachapa jina langu mwenyewe kuanzia asubuhi hadi saa ya chai.

Majirani wa Milanzi, mtaa wetu pale mjini, walikuwa na huruma ya kuudhi. Kila aliyenikuta kibarazani mchana alinipa pole kama mfiwa. Mshahara wa mume wangu, mwalimu, haukutosha kodi ya nyumba na chakula, tukakubaliana kwamba nisipopata kazi kabla ya mavuno, tunahamia kijijini kwa mama yake. Kijiji nilikipenda, lakini kwa Jumapili tu.

Nikatangulia peke yangu kusaidia shamba. Masika yalikuwa yanaisha, nyasi zimefika kiunoni, wakati wa kutengeneza intumba, yale matuta ya mviringo ya sisi Wafipa. Nyasi hufukiwa ndani zikaoza, zikawa mbolea ya msimu unaofuata. Wanawake walilima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Nilifika na jembe jipya begani, nimejifunga kanga kibwebwe, tayari kuwaonyesha kwamba ofisi haikuniharibu.

Mama mkwe akalipokea lile jembe, akaanza kulitumia yeye.

"Wewe kusanya majani," akasema.

Kukusanya majani ni kazi ya watoto. Kama hiyo haikutosha, alinivalisha mikononi soksi kuukuu za mwanawe ili nyasi zisinikate. Wenzake walicheka wakashika mbavu. Nilifura, lakini mkwe hafokewi, kwa hiyo nikafura kimyakimya huku nikipanga majani. Kila asubuhi niliomba jembe, na kila asubuhi alinijibu, "Bado."

Ndipo mume wangu akaniletea habari kwamba tajiri mmoja wa mjini, mwenye duka na malori, anatafuta mpiga chapa, na kuna mtihani wa kuchapa. Nikaenda. Tulikuwa wawili tu. Mwenzangu naye alikuwa amepunguzwa, naye alikuwa amekimbilia shambani. Alikuwa hodari kuliko mimi, nilimjua tangu zamani. Lakini viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge yaliyopasuka, na vidole vimekakamaa hadi vikawa vinabonyeza herufi mbili kwa pamoja. Alichapa, akafuta, akachapa, kisha akaacha. Vyangu vilikimbia tu.

"Binti, anza Jumatatu," tajiri akaniambia.

"Asante, mzee."

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Ila nilipopeana mkono na mwenzangu pale mlangoni, alishtuka kwa maumivu, na hapo ndipo nilipoelewa mama mkwe alikuwa anafanya nini siku zote zile.

Jumapili nikamfuata shambani na kilo mbili za sukari na maneno ya shukrani niliyoyapanga njia nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepata?"

"Nimepata."

Sukari aliiweka chini bila kuitazama. Akanipa jembe.

"Haya, lima."

"Mama, kesho naanza kazi."

"Nimesikia. Mikono nilikutunzia ya mtihani, na mtihani umekwisha. Kila Jumapili utakuja kulima, mpaka mikono izoee."

"Lakini kazi si nimeshapata?"

"Hata ile ya kwanza ulikuwa umeshapata." Akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Siku wakikupunguza tena, mwanangu, mimi nitakuwa sipo wa kukulimia."

Nilitaka kumwambia kwamba nampenda. Nikainama nikaanza tuta, naye akasimama pembeni akinikosoa hadi jua likazama.