Binti yangu aliitwa mwizi kwa sababu Kiingereza chake kimenyooka

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya ninayoyaleta hayana chumvi, wallahi. Damu bado yanichemka, kwa hivyo mnivumilie.

Naishi Likoni, kazi yangu ni ukarani kwenye yadi ya makontena Changamwe. Binti yangu Mwanasha yuko Grade Nine.

Muhula huu waliandika composition ya Kiingereza. Atakayeshinda angesoma yake mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Mwanasha aliitaka nafasi hiyo mno, hata akiosha vyombo alikuwa akijisomea kwa sauti.

Akaandika juu ya nyanyake: "She washed our clothes, mended our quarrels and fed our neighbours."

Tazameni hapo. Washed, mended, fed. Vitenzi vyote vimesimama namna moja, ndiyo hiyo waitayo parallel structure. Mwengine angetia "and feeding" mwishoni, sentensi ikachechemea.

Madam wake kuisoma tu, akamsimamisha mbele ya darasa. "Hii ni AI. Mtoto wa hapa haandiki hivi. Umeiba."

Mtoto wa hapa! Kwani Likoni hatuna vichwa?

Na hiyo AI aipate wapi? Simu ya maana nyumbani ni yangu, na nashinda nayo kazini.

Ngojeni niwaambie alikoitoa. Kwetu harusi haialikwi kwa WhatsApp pekee. Mamangu, nyanyake huyo, ndiye hutumwa kualika mtaani, nyumba kwa nyumba, kwa mdomo, na Mwanasha humfuata tangu mdogo. Wakishapiga hodi husema: "Mwenye harusi amekusalimu, amekualika, amekuomba usikose." Kila mlango, mpangilio ule ule. Ukiyababaisha maneno, mtu huona amedharauliwa, na haji.

Siku waliyofundishwa parallel structure alirudi akicheka. "Baba, kumbe ni kama kualika!"

Basi nikaenda shule. Nikasalimu kwa adabu, nikaeleza yote hayo, nikamwomba madam ampe mtoto kalamu aandike nyengine mbele yetu.

Akanijibu, "Mzee, nafasi nishampa mwengine. Tusisumbuane."

Tusisumbuane! Mtoto ameitwa mwizi mbele ya wenzake, halafu msumbufu ni mimi.

Juzi Mwanasha akaja na composition nyengine. Alama nzuri, na madam amemsifu darasani: "Sasa hii ndiyo kazi yako."

Nikaisoma. "She swept the yard, was fetching water and to cook for us."

Nikamuuliza, mwanangu, hii vipi tena?

Akanijibu bila kuniangalia. "Niliiharibu makusudi, baba. Sitaki kuitwa mwizi tena."

Nikaenda zangu nje nikakaa.

Nilichojifunza ni hiki: mwalimu akishuku kazi ya mtoto, ampe kalamu amwone kwanza. Ulimi ukishamwita mtoto mwizi, sifa za baadaye hazimtibu.

Jumatatu inshallah naenda kwa mwalimu mkuu. Mamangu ameshasema twenda sote, na yeye ndiye atakayeanza kusema.

Lakini mlio walimu na wazazi humu, nisaidieni kwa hili moja. Huyu mtoto nitamwambia nini ili akubali kuandika vizuri tena?