Kempu ya pwani, na siku niliyoanika mbegu mahali pasipo pangu

Wakuu, habari za huko mliko. Walionizidi umri, shikamooni.

Nimesoma humu malalamiko ya kijana mmoja kuhusu kempu aliyolala kule pwani. Choo cha shimo, umeme hakuna, maji ya kisima yana chumvi. Nikakumbuka ya kwangu. Nitaisimulia kama ilivyotokea, hata pale nilipoonekana mjinga.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa kibarua kwenye kitalu cha miti kule Magamba, juu ya Lushoto. Baba alitangulia kufa, mama akafuata, nikaacha shule darasa la sita. Nikabaki na wadogo zangu wawili: Naomi wa miaka kumi na miwili, na Eliza wa sita.

Ukoo ulikaa kikao. Naomi aende Mgwashi kwa baba mkubwa, Eliza apelekwe Mtae kwa shangazi. Wanaoijua barabara ya Mtae ya wakati ule wanaelewa. Hao wawili wasingeonana tena hadi wawe watu wazima.

Nikaomba muda. Baba mkubwa akasema, "Kibarua wa siku halei watoto wa kike. Mvua za kupandia zikifika huna kazi ya kudumu, nakuja kumchukua Naomi, na shangazi yako atamfuata Eliza."

Hapo ndipo safari ilipopatikana. Vijiji vipya vya tambarare, chini ya milima, vilihitaji miti ya kuzuia upepo, na bwana miti wetu alitaka mbegu za mivinje kutoka pwani. Akaniambia, "Niletee mbegu zinazoota, nitakuombea ajira." Akanipa barua, hema na magunia mawili.

Wadogo zangu nikaenda nao. Ningewaacha, ningerudi nikute nyumba tupu.

Kempu yenyewe ilikuwa vibanda viwili vya makuti, kisima, na uwazi wa kupiga hema chini ya mivinje. Mwangalizi alikuwa Bi Mwanahamisi, mama wa makamo, mkali kidogo, mwenye maneno.

Usiku wa kwanza tulifunga hema kila upande na kujifunika mablanketi, kama Magamba. Asubuhi alitukuta tumelowa jasho. "Nyie Wasambaa," akasema, "mmekuja kulala au kujipika?"

Siku mbili tuliokota vitunda vya mvinje, vile vidogo vigumu vyenye mbegu ndani. Lazima vikauke juani hadi vipasuke. Mbegu zake ni nyepesi, zikidondokea mchanga tifutifu huzipati tena.

Nyumbani maharage tunayapura kwenye uwanja mgumu uliofagiliwa. Asubuhi ya tatu nikaona uwanja wa namna hiyo mbele ya bahari. Mpana, mgumu, safi, jua tele, hata kuku hakuna. Nikashangaa watu wa pale kuuacha bure.

Tukamwaga magunia yote mawili, tukasawazisha vizuri, tukarudi mivinjeni kuokota zaidi.

Mtaniuliza kama sikuwa nimeiona bahari ikisogea. Niliiona mara karibu, mara mbali. Nilidhani ni macho yangu.

Tuliporudi mchana uwanja haukuwepo. Kulikuwa na maji tu.

Bi Mwanahamisi alitukuta tumesimama. Nikamweleza. Alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akamwona Eliza analia, akaacha.

"Mwanangu, pale si uwanja. Pale ni kwake mwenyewe, alikuwa ametoka kidogo tu. Kwa nini hukuniuliza?"

Nilikuwa nafikiria Mtae.

Naomi ndiye aliyeuliza la maana. "Bibi, vinaelea?"

"Vinaelea."

"Basi vitatupwa wapi?"

Akatuonyesha upande wa kusini. Kesho yake asubuhi, maji yalipokupwa, tukafuata mstari wa mwani uliobaki ufukoni, tukaokota kimoja kimoja. Eliza alitushinda wote, yeye hakuhitaji kuinama sana. Tulipata nusu gunia. Tukaviosha kwa maji ya kisima, Bi Mwanahamisi akatupa majamvi yake ya kuanikia.

Tulichelewa siku nne kurudi. Bwana miti akafungua mfuko wa mbegu, akanusa.

Nikamwambia, "Mzee, hizi zimelala baharini."

Akanitazama. "Ungenyamaza nisingejua."

"Zisingeota ungejua."

Akaagiza zipandwe kwenye tuta la peke yake. Hakusema kitu kuhusu ajira, nami sikuuliza. Kila asubuhi kabla ya shule Naomi alikuwa analinyunyizia tuta lile maji.

Mvua zilipofika, baba mkubwa alikuja na kamba ya kufungia sanduku la Naomi. Sikubishana naye. Nilimpeleka kitaluni. Tuta zima lilikuwa na miche kama nywele za mtoto mchanga.

Bwana miti akamwamkia, akamwambia, "Huyu kijana nimempa tuta hili na mengine yote. Karatasi zake za ajira zimeshakwenda Lushoto."

Baba mkubwa akainama kuitazama miche. "Ndizo zile mbegu za baharini nilizozisikia?"

"Ndizo, baba."

Alikunywa uji, akarudi Mgwashi siku ileile. Kamba aliisahau, au aliiacha. Nilifungia nayo uzio wa kitalu.

Naomi sasa ni nesi mstaafu. Eliza anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, na ndiye aliyenikumbusha habari ya mablanketi.

Nilichojifunza ni kidogo: ukifika mahali pa watu ukaona sehemu nzuri imeachwa wazi, muulize mwenyeji kabla hujamwaga magunia yako.

Wenzangu wa milimani, bahari iliwafanya nini siku ya kwanza? Na watu wa pwani, chekeni tu. Mwenzenu alishaanza.