Mshenga na Bakuli la Kuku

Mshenga wa Kendu Bay hakugusa kuku wa watu kabla hajamaliza kumwanika bwana harusi. Washenga wengine walikula kwanza, kisha kwa maneno matupu wakawapa walevi ng'ombe na vibogoyo meno. Yeye, Msabato, alitua Biblia yake iliyofungwa kwa karatasi ya plastiki, akavua viatu, akasukuma bakuli kwa mgongo wa mkono, akasema kwa ile sauti yake ya kuuzia omena, dagaa wa ziwani: "Nikishakula chenu nitaona haya. Sikieni kwanza. Huyu kijana anakoroma, na shamba analojivunia ni la shangazi yake." Posa zilivunjika, na bado watu walimwita, maana wasichana walioolewa kwa mkono wake hawakurudi kwao na masanduku.

Mwaka ule gugumaji lilipofunika ghuba, alikuja kwa kina msichana Eucabeth kumposea mwanawe mwenyewe. Aliketi, akavuta bakuli, akaanza kula. "Mama, tabia yake je?" Eucabeth aliuliza. Mshenga aling'ata paja. "Kazi anafanya?" Akachukua bawa. Eucabeth, ambaye ndiye angelala na huyo mtu maisha yake yote, alinyakua bakuli akalificha nyuma yake. "Wacha mifupa, mama. Sema." Mshenga alilamba vidole kimoja kimoja, huku akiitupia Biblia jicho kama mtu aliyeona askari. "Mvivu," alisema. "Wake wawili wamemkimbia, na nguo zake nafua mimi. Usimkubali, nyathina, mwanangu." Kisha akanyoosha mkono. "Haya, nirudishie kuku wangu."