Baki Sifuri Huko Somanga

Nilikwenda Somanga kwa sababu mpwa wangu, Mwalimu Mwanaidi, alinipigia simu. Yeye hufundisha hesabu darasa la tano kwa kutumia bao. Katika jaribio lililopita, palipotakiwa jibu "baki sifuri", wanafunzi wake wengi waliandika "imelala". Ni neno la wacheza bao, kete ya mwisho inapoangukia shimo tupu na zamu kukoma. Wote walikosa.

"Mjomba, Mwalimu Mkuu atakuja kuangalia kipindi," alisema. "Asiporidhika, bao basi."

Asubuhi nilipanda basi Lindi. Mikorosho ilitusindikiza njia nzima, hadi wauza samaki wa kukaanga walipotukimbilia madirishani, nikajua tumefika.

Shuleni, watoto walikuwa wamechimba mashimo mchangani nyuma ya darasa. Kete zao zilikuwa komwe, zile mbegu ngumu za mviringo.

"Shikamoo, Mwalimu," walimwamkia Mwalimu Mkuu alipofika.

"Marahaba. Na siku ya mtihani mtachimba sakafu?" aliwauliza.

Watoto walicheka. Mwanaidi hakucheka. Alieleza kwamba kila mchezaji ana mashimo kumi na sita. Akichota kete kumi na sita na kuzitia moja moja kuzunguka, ya mwisho hurudi katika shimo alilochota, ambalo sasa ni tupu. Imelala, na kwa hesabu ni baki sifuri.

"Thelathini na mbili gawanya kwa kumi na sita," alisema Mkuu. "Baki?"

"Imelala," darasa likajibu kwa pamoja.

Mwanaidi aliinamisha kichwa.

"Mmelala nyinyi," alisema msichana mmoja, Somoe. "Hiyo hailali. Mzunguko wa kwanza umeacha kete humo, ya mwisho itaikuta. Baki ni sifuri, ila mchezo unaendelea."

Mkuu alichuchumaa, akazitia mwenyewe. Komwe ya mwisho iligonga mwenzake.

"Kwenye karatasi utaandika lipi?"

"Sifuri. Kulala ni mambo ya bao."

Mkuu alijipangusa mchanga. "Haya, Mwalimu Mwanaidi, kesho waendelee. Leo wafundishe wote hilo la Somoe."

Jioni, basini kurudi Lindi, kitabu nilichobeba sikukifungua. Bao nimecheza tangu ujana, na hesabu nimejifundisha mwenyewe, lakini sikuwahi kuviweka pamoja. Somoe aliviweka pamoja, na ndiyo maana aliweza kuvitenganisha.